Kaki, boksi na gundi ya muhogo: kutengeneza vifungashio vya karatasi kwenye hewa ya pwani ya kusini

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama anayeuza korosho za kukaanga stendi ya mabasi Mtwara. Nilimpelekea mifuko arobaini ya karatasi ya kaki, imekunjwa vizuri, ina nembo niliyoigonga kwa mhuri. Siku ya nne akanirudishia kumi na tano. Kila mmoja ulikuwa na doa la mafuta ukubwa wa kiganja. Hakugomba. Alisema tu: "Mwanangu, mfuko wako umekunywa mafuta. Wateja wanadhani korosho ni za zamani."

Karatasi yenyewe haikuwa na kosa. Niliipa kazi isiyoiweza. Huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, karatasi ina maadui wawili: mafuta ya vyakula vyetu na unyevu wa hewa ya bahari. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mkasi, unaanza na kile kitakachobebwa.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Tangazo lilitolewa bungeni Aprili ya mwaka huo na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, mkoani Lindi. Soko la kaki likafunguka siku hiyohiyo. Lakini wengi wetu tuliingia tukidhani karatasi ni plastiki ya rangi ya udongo, tukaitaka ibebe kila kitu. Wazee wetu walijua kugawa kazi: pakacha la kuti kwa samaki na maembe, jani la mgomba kwa mkate na vitumbua, kikapu cha ukindu kwa safari. Karatasi nayo ipewe yake.

Hatua ya kwanza: uliza kitu chako kina nini

Shika bidhaa mkononi, ujiulize kama ni kavu, ina mafuta, au ina maji.

Kikavu ndicho rafiki wa karatasi: nguo, kanga, vitabu, sabuni za mche, majani ya chai, shanga, vinyago, unga utakaotumika baada ya siku chache. Hapo kaki tupu inatosha.

Chenye mafuta, kama korosho, karanga, sambusa na kashata, kinataka tabaka la ndani lisilopitisha mafuta. Nitalirudia jambo hili kwa kirefu, maana korosho ndiyo maisha yetu.

Chenye maji usikifungie karatasi. Samaki mbichi, pweza, nyama na mboga zilizooshwa ziende na kikapu au chombo cha mteja mwenyewe. Muuza samaki akikuomba mifuko ya kaki kwa ajili ya soko la feri, mkatalie kwa upole na umweleze sababu. Kitako kikiachia njiani, jina litakaloharibika ni lako.

Hatua ya pili: ijue karatasi kabla hujainunua

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya gazeti huwa chini ya gramu 50. Ile nyeupe ya kuchapia ofisini ni gramu 80. Kwa mfuko wa dukani wenye mshikio, mimi sishuki chini ya gramu 100, kwa sababu unyevu wa huku unapunguza nguvu ya karatasi kabla hata haijabeba kitu.

Muuzaji akikwambia ni gramu 100, unaweza kumhakiki kwa mzani wa dukani. Shiti la sentimita 90 kwa 120 lina eneo la mita za mraba 1.08, kwa hiyo shiti moja la gramu 100 lina uzito wa gramu 108, na mashiti kumi yazidi kilo moja kidogo. Mzani ukisoma gramu 800, umeuziwa karatasi ya gramu 74. Kwa karatasi za A4 hesabu ni nyepesi zaidi: mashiti 16 yanatimiza mita moja ya mraba, hivyo shiti moja la gramu 80 lina uzito wa gramu 5.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi, na hapa ndipo wengi tunapoteza mali. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa inakwenda. Kuvutwa kwa urefu wa nyuzi inahimili zaidi, na mkunjo unaofuata nyuzi hukaa safi bila kupasuka. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu sawa, kimoja kwa urefu wa shiti na kingine kwa upana. Vishike pamoja kwa ncha, vikiwa vimelala. Kinachoinama sana ni kile kilichokata nyuzi, kinachosimama kinazifuata. Ukikosa uhakika, lowesha kipande kidogo upande mmoja: kitajikunja kama mkeka, na ule mviringo utalala kufuata nyuzi. Kwenye mfuko nyuzi zisimame wima, kutoka kitako kwenda mdomoni, maana mzigo unavuta huko.

Kaki inatengenezwa hapahapa nchini, Mgololo wilayani Mufindi, na sisi kusini huipata zaidi kupitia maduka ya jumla ya Dar es Salaam. Nauli inauma, hivyo tunachanganya na karatasi zilizokwisha kutumika. Hilo ni jema, lakini kuna mipaka ambayo mimi sivuki.

Gazeti lisiguse chakula. Najua karanga na maandazi vimefungwa kwenye magazeti na mitihani ya zamani miaka yote. Wino wa gazeti una mafuta ya madini, na chakula chenye mafuta huuvuta. Gazeti litumike kujazia maboksi, kutengenezea shanga, na kupigia rojo ya karatasi. Kwa karanga kata karatasi nyeupe isiyoandikwa.

Mfuko wa saruji wa karatasi ni mgumu na unatamanisha, lakini vumbi la saruji linaunguza ngozi na haliishi kwa kukung'utwa. Tumia kwa vitalu vya miche tu.

Risiti za mashine za EFD, zile za kodi wanazotoa madukani, usizitie kwenye rojo. Karatasi yake haichapwi kwa wino, ina kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na kemikali hiyo itaenea kwenye karatasi yako yote.

Hatua ya tatu: pika gundi ya muhogo

Gundi nyeupe ya dukani ni nzuri, ila mifuko mia inamaliza chupa. Muhogo tunao, na wanga wake unashika karatasi kuliko unga wa ngano.

Usitumie unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, moja kwa moja, una nyuzinyuzi zitakazoacha vinundu chini ya karatasi. Kamua wanga wenyewe: menya muhogo mbichi, ukune, uutie maji mengi, uukamue kwenye kitambaa kama unavyokamua tui. Acha maji yatulie saa tatu au nne. Wanga mweupe utakaa chini. Mwaga maji ya juu, anika wanga juani mpaka ukauke, uhifadhi kwenye kopo.

Ukitaka kupika, koroga kikombe kimoja cha wanga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitano vya maji, ipua, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu huku ukikoroga bila kupumzika. Rudisha kwenye moto mdogo. Utaona uji unageuka kutoka mweupe kuwa wa kung'aa na kuvutika, hapo umeiva. Funika upoe, ukoroge tena kabla ya kutumia.

Gundi hii inachacha baada ya siku moja au mbili, na mende wanaipenda kupita kiasi. Mimi hutia nusu kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa na matone machache ya mafuta ya karafuu ikiwa bado ya moto. Harufu inakaa na mende hupungua. Kwa vifungashio vya chakula acha shabu, pika kidogo utakachomaliza leo.

Paka nyembamba. Gundi nyingi inailowesha karatasi, karatasi inavimba, na ikikauka inabaki na makunyanzi.

Hatua ya nne: kata mfuko kwa hesabu

Mfuko wa dukani una nyuso mbili, mbavu mbili, na ulimi mdogo wa kugandisha. Tuseme unataka uso wa sentimita 20 na mbavu za 10. Upana wa karatasi utakuwa 20 na 10 na 20 na 10, ongeza 2 za ulimi: jumla 62. Kwenda juu unahitaji 4 za kukunja mdomo, 29 za mwili, na 7 za kitako: jumla 40.

Sasa weka kipimo hicho juu ya shiti la 90 kwa 120. Hata uligeuze vipi, unapata mifuko mitatu. Punguza uso uwe 18 na mbavu ziwe 9. Upana unashuka hadi 56, na shiti lilelile linatoa mifuko minne, kwa kuwa 56 mara mbili ni 112 na 40 mara mbili ni 80. Ujazo wa mfuko umepungua chini ya moja ya tano, na umepata mfuko wa nne bila kununua karatasi. Nilitengeneza mifuko ya uso wa 20 kwa miezi kadhaa kabla sijakaa chini na rula. Naomba wewe ukae kwanza.

Mpango huo wa minne unataka nyuzi ziende upande wa 90, ili zisimame wima kwenye mfuko. Zikienda upande wa 120, bora ukate mitatu yenye nguvu na ule ukanda unaobaki uutumie kwa vifuko vya karanga.

Chora mistari yote ya mikunjo kwa penseli, kisha uipitie kwa kalamu ya wino uliokwisha na rula ya chuma, ukikandamiza bila kukata. Usikunje kaki nene kwa mkono mtupu, mkunjo utakwenda upogo.

Kunja mdomo ule wa sentimita 4 kuelekea ndani, ukitia chini yake kipande cha boksi jembamba kila upande mahali pa mshikio. Paka gundi kwenye ulimi, funga bomba la mfuko, lilaze chini ya ubao wenye tofali kwa nusu saa. Halafu lisimamishe ufunge kitako kama unavyofunga zawadi: mbavu mbili ndogo ziingie kwanza, uso mmoja ulale juu yake, wa pili uumalizie. Kwa vipimo hivi nyuso mbili zitapandana sentimita 5, na hapo ndipo nguvu ya kitako ilipo. Ndani weka kipande cha boksi cha 17.5 kwa 8.5 kisichogandishwa, mzigo usambae.

Mshikio wa kamba ya mkonge unapendeza na ni wa kwetu. Toboa matundu mawili kila uso kupitia kile kipande cha boksi, pitisha kamba, funga fundo kwa ndani. Isuguesugue kwanza kwa kitambaa kibichi. Mkonge mkavu unachoma vidole vya mteja.

Mfuko wa kwanza wa kila shehena mpya ya karatasi usiuze. Utie chupa mbili za maji za lita moja na nusu, yaani kilo tatu, uutundike msumarini barazani usiku kucha. Baraza ndilo mahali pake hasa, kwa sababu unyevu wa alfajiri utaonyesha kile ambacho mchana umekificha.

Korosho

Karibu nusu ya uzito wa kiini cha korosho ni mafuta. Mafuta hayo yakikutana na hewa na mwanga yanachacha, na kiini chenyewe kikivuta unyevu kinalegea, kinakosa ule mlio chini ya jino. Kiini kilichoandaliwa vizuri hakipaswi kuzidi asilimia 5 ya unyevu, na kaki tupu haiwezi kukilinda na hewa ya Mikindani mwezi Januari.

Kwa hiyo tenganisha biashara mbili. Korosho za kuliwa leo, stendi, shuleni au kwenye shughuli, zitie kwenye kaki iliyotandikwa karatasi ya kuokea mikate, ile laini isiyonywa mafuta. Kata bitana hiyo izidi mdomo kwa sentimita 2 ili ikunjike pamoja na mfuko. Hakuna plastiki hapo, na mfuko utabaki msafi mpaka jioni.

Korosho za kusafiri, zitakazokaa dukani wiki na miezi, bado zinahitaji kifuko cha ndani kilichobanwa kwa joto kisichopitisha hewa. Nasema wazi kwa sababu nimeona watu wakiandika "asilia kabisa" juu ya kaki halafu mteja wa Dodoma anakula korosho zilizochacha. Chakula kilichoharibika kimekula maji, mbolea, kuni na mikono ya wabanguaji, na kukitupa ni hasara kubwa kuliko ule utando mwembamba wa ndani. Karatasi ibaki nje kama boksi au mfuko wenye jina, maelezo na umbo la kusimama. Mwambie mteja ukweli kwenye lebo: nje ni karatasi, ndani si karatasi.

Kama wewe ndiye unayebangua na unayefungasha, osha mikono kabisa kabla ya kugusa karatasi. Utomvu wa ganda unaunguza ngozi na unaacha doa jeusi kwenye kaki lisilofutika.

Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa kutumika, na mahali ilipotoka. Mambo ya ubora wa chakula yako chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na ofisi za mkoa za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, Mtwara na Lindi, ndiko wajasiriamali wadogo wanakoanzia. Ukifika kwenye msimbomilia (barcode), ule wa Tanzania unaanza na 620, kwa hiyo achia nafasi nyeupe ya kutosha: mistari myeusi juu ya kaki iliyokolea mashine za dukani hushindwa kuisoma.

Kinyago cha mpingo

Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa unazama. Kinyago cha ujamaa chenye urefu wa dhiraa moja kinaweza kupasua boksi kwa uzito wake tu, na zile sura na mikono midogo iliyochongwa pembeni ndiyo inayovunjika kwanza. Wachongaji wengi wanazungushia plastiki yenye mapovu. Karatasi inaweza kazi hiyo vizuri, ikipangwa.

Anza na karatasi laini nyeupe, uzungushie kinyago chote. Gazeti lisikiguse, wino unahamia kwenye nta. Matundu yote, katikati ya mikono na miguu, yajaze vibonge vya karatasi, usivikandamize sana. Vibonge vinasaidia kama bado vina hewa. Kisha chukua kaki nyembamba, uikate vikato vya sentimita 2 kwa mistari inayopishana, kama matofali ya ukuta yanavyopishana. Ukiivuta inafunguka kama wavu wa mvuvi na kusimama kidogo. Zungushia mara tatu au nne. Wavu huo unajishika wenyewe bila selotepu.

Boksi liwe na nafasi ya sentimita 5 kila upande, na ile mifereji iliyo katikati ya boksi isimame wima. Kata ukingo wa boksi lolote utaiona. Ikisimama, inabeba mzigo uliopangwa juu. Ikilala, boksi linabonyea. Boksi lililokwisha lowa likakauka usilitumie kwa kinyago hata kama linaonekana zima.

Funga, tikisa. Ukisikia kitu kinacheza, fungua ujaze tena. Tikisa mara ya pili.

Mabaki

Vipande virefu vya pembeni na kurasa za magazeti ya rangi hufaa kwa shanga. Kata pembetatu ndefu yenye kitako cha sentimita 2 na nusu na urefu wa shiti la A4, viringisha kuanzia kitako kwenye kijiti cha mshikaki, gandisha ncha, kausha siku nzima, paka vanishi mara mbili. Bila vanishi jasho la shingo linaimaliza shanga kwa wiki moja.

Vipande vidogo kabisa vilowekwe usiku, vitwangwe kwenye kinu kilichostaafu chakula, ukichanganya na gundi ya muhogo upate rojo. Ipake juu ya bakuli lililogeuzwa na kupakwa mafuta kidogo, ipate umbo la kibakuli cha funguo au shanga. Kazi hii ifanywe Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma na hewa ni kavu. Kibakuli cha Februari kinaota ukungu kabla hakijakauka.

Mahali pa kuweka

Mwaka wangu wa pili niliacha shehena nzima sakafuni, imeegemea ukuta, nikaenda Newala kwenye msiba. Niliporudi baada ya wiki mbili, mchwa walikuwa wameshapanda kupitia ufa wa sakafu. Mifuko ya juu ilikuwa mizima, ya katikati ilikuwa udongo.

Tangu siku hiyo kila kitu kinakaa juu ya chaga, kiganja kimoja kutoka ukutani, na miguu ya chaga imesimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari. Mvua zikianza Desemba mpaka Aprili, mafungu nayafunika kwa shuka la pamba, si turubai, ili karatasi ipumue, na kila Jumamosi yenye jua nayatoa nje saa nne, nayarudisha saa tisa kabla hewa haijabadilika. Mifuko ya msimu wa korosho naikata Julai na Agosti. Oktoba mnada ukifunguliwa na watu wakaanza kuulizia vifungashio, mimi nakuwa nagonga mihuri tu.